Mtoto Kafutwa Machozi

Hotelini hapa Shinyanga imetundikwa nakala, kazi ya mkono, ya picha ya Mfaransa Fernand Pelez ya mwaka 1888: wanasarakasi maskini wa mtaani. Picha yenyewe iko Petit Palais, Paris, upana wake unapita mita 6. Rangi fundi wetu kazipatia, sikatai. Hata wapiga ala wazee, hoi, wamo. Lakini yule mtoto anayelia kamchekesha! Nikamuuliza kulikoni. "Mdogo wangu, watu wanakula hapa."

Jamani! Geita mnadani nimewaona watoto wakipiga sarakasi kwa sarafu za wachimbaji. Wanacheka mpaka watazamaji waishe, basi. Hadithi ninayoandika ina mtoto wa machimboni, anacheka kila ukurasa. Jana usiku nimeanza kumwandika upya.