Wakili wa Mwandishi na Kosa la Baadhi ya Makada

Katika darasa letu la itikadi pale Kariakoo, ndugu mmoja alisimama akasema kwamba mawakili wanaowatetea waandishi wa habari mahakamani ni mawakala wa mabeberu, kwa kuwa wengine hulipwa kwa fedha za kutoka nje. Wenzake wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, maana yalipigwa karibu kabisa na Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilikuwa na ofisi yake tangu mtaa huo ukiitwa New Street.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa mjini Dar es Salaam kwa kosa la jinai la kashfa. Kosa lenyewe lilitokana na makala katika Sauti ya TANU iliyowashutumu mabwana DC wawili wa kikoloni. Yaani alisimama kizimbani kwa ajili ya maandishi. Ni nani waliomtetea? Rattansey na Jhaveri, mawakili wa mji huu, pamoja na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Mwingereza! Chama hakikumkataa kwa sababu ya pasipoti yake. Mwalimu alitiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, akalipa. Lakini shauri lilisikilizwa hadharani na hukumu ikatolewa mwaka ule ule.

Kosa hilohilo la kashfa ya jinai tukaliweka tena katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Hapa lazima tujikosoe bila haya. Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na tarehe 28 Machi 2019 mahakama ikatamka kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, pamoja na vya kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge letu wenyewe likaiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo. Basi mawakili wale walimsaidia nani, beberu au Bunge?

Kutoka Lumumba hadi Mahakama ya Kisutu ni mwendo wa miguu. Hapo ndipo alipofikishwa mwandishi Erick Kabendera mwaka 2019. Upande wa mashitaka ulisema shauri ni la kodi, utakatishaji fedha na genge la uhalifu, wala halihusu kalamu. Tuseme ni hivyo. Utakatishaji fedha hauna dhamana, na kifungu kinachoizuia kilithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2020. Alikaa mahabusu tangu Julai 2019, mama yake mzazi akafariki mwanawe akiwa ndani, akatoka Februari 2020 kwa makubaliano ya kukiri kosa. Ushahidi haukusikilizwa. Mkoloni wa 1958, pamoja na dhuluma yake yote, alimwachia mshitakiwa nafasi ya kujibu.

Nilimweleza yule ndugu habari hii. Akajibu kwamba Kabendera hakunyimwa wakili. Ni kweli, mawakili walikuwapo. Walikwenda Kisutu kila shauri lilipotajwa, na mara kwa mara walirudi na tarehe nyingine.