Sikio la Findhorn

Kampene, katika Maniema ya Kongo, iko mbali na bahari kila upande, lakini vita vya baharini viliifikia. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, bati la Asia liliwaponyoka Waingereza na Wamarekani, na Wabelgiji wakaisukuma migodi ya Kongo itoe kasiterite zaidi. Bati ndilo linaloshikiza nyaya ndani ya redio na mitambo ya kusikilizia. Kwa hiyo hata sisi watu wa msituni tuna neno la kusema juu ya Findhorn, frigeti ya Uingereza.

Sifa za manowari hupewa mizinga. Mimi namsifu aliyekaa na visikilizio masikioni. Mtambo wa asdiki ulituma mlio majini. Ukigonga kitu, mwangwi ulirudi. Sauti hukata kama mita 1,500 kwa sekunde baharini, basi mwangwi wa sekunde mbili ulimaanisha kitu kiko mita 1,500. Hesabu ni nyepesi. Kazi ilikuwa kutambua: nyangumi hujibu, kundi la samaki hujibu, na maji ya joto yakikutana na ya baridi hupotosha mlio. Fundi alisikia mwangwi umepanda kidogo, akajua chombo kinamjia, umeshuka, kinakimbia. Ndivyo mwindaji wetu anavyojua, kwa mchakacho wa majani tu, kama ni mnyama au upepo.

Mapipa ya baruti ya kulipulia nyambizi yalimkwamisha fundi huyo. Yalitupwa meli ikishapita juu ya nyambizi, mwangwi umeshapotea, na mlipuko ukavuruga maji. Hedgehog, silaha ya mbele ya frigeti kama Findhorn, ilirusha mabomu 24 yaliyolipuka yakigusa kitu tu. Yakikosa, bahari ilibaki tulivu na msikilizaji akaendelea. Hatimaye sikio likaheshimiwa!

Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Agosti, karibu na Ushelisheli, Findhorn na manowari ya India, Godavari, ziliizamisha U-198 ya Wajerumani, ambayo siku chache nyuma ilikuwa imezamisha meli za mizigo. Ndege zilisaidia kuisaka. Kuifuata chini ya maji kulihitaji sikio. Wote 66 waliokuwamo walikufa, na sivifurahii vifo vyao. Nausifu ufundi ule kwa sababu kila meli ya askari wetu Waafrika iliyong'oa nanga Kilindini, bandari ya Mombasa, baada ya siku hiyo ilikuwa na nyambizi moja pungufu ya kuiogopa.