Fani ya Kujizuia katika Dibs

Mwaka 1964 mwanasaikolojia wa Marekani, Virginia Axline, alichapisha kitabu kiitwacho Dibs: In Search of Self. Ni kisa cha mtoto wa miaka mitano wa jijini New York, aliyezaliwa katika familia yenye mali na elimu. Shuleni hasemi na wenzake wala hachezi nao, hujificha chini ya meza, na anayemkaribia humparura. Walimu wameshindwa kujua kama akili yake ina upungufu au moyo wake una jeraha. Axline anaitwa, anaanza kukaa naye saa moja kila Alhamisi katika chumba cha michezo, na taratibu mtoto anafunguka. Ukikisimulia hivyo, kisa hiki kinafanana na visa vingi vya watoto waliopona. Kilichokifanya kiendelee kusomwa na washauri nasaha wanaojifunza tiba ya michezo, zaidi ya nusu karne baadaye, ni fani yake.

Hoja yangu ni kwamba sentensi za Dibs zimejengwa kwa kanuni zilezile anazotakiwa kuzishika mshauri akiwa na mtoto. Anayeifuata fani hiyo kwa makini anafundishwa kazi, hata pale asipoambiwa kuwa anafundishwa. Na pale fani hiyo inapovunjika, kwenye kurasa za mwisho, anapata somo la pili ambalo mwandishi hakulikusudia.

Tuanze na chimbuko. Axline alikuwa mwanafunzi na baadaye mwenzake kazini wa Carl Rogers, ambaye mwaka 1942, katika Counseling and Psychotherapy, alichapisha neno kwa neno kisa kizima cha ushauri kilichorekodiwa kwenye sahani za santuri. Wakati huo lilikuwa jambo jipya: msomaji aliweza kuona alichosema mshauri hasa, badala ya kusimuliwa alichodhani amesema. Mwaka 1947 Axline naye akatoa Play Therapy, kitabu cha kufundishia chenye kanuni nane. Mshauri ajenge uhusiano mwema na mtoto, ampokee alivyo, ampe uhuru wa kujieleza, atambue hisia zake na kumrudishia kwa namna itakayomsaidia kujielewa, aheshimu uwezo wake wa kutatua mambo yake, asimwongoze, asimharakishe, na aweke mipaka ile tu inayohitajika ili tiba isikatike na maisha halisi.

Mwanafunzi anaweza kuzikariri kanuni hizi kwa siku moja. Ugumu wake hauonekani kwenye orodha, kwa sababu ndani ya orodha hakuna mtoto. Hakuna anayelia, hakuna anayekataa kwenda nyumbani, hakuna ukimya mrefu unaomfanya mtu mzima atamani kusema chochote alimradi pasiwe kimya. Dibs inazichukua kanuni hizo na kuziingiza katika wakati, dakika baada ya dakika, na hapo ndipo msomaji anapoonja uzito wake.

Tazama jinsi kisa kinavyofunguliwa. Ni muda wa watoto kurudi nyumbani, wenzake wanavaa makoti, na Dibs amejikunyata ukutani akikataa kuondoka. Tunaoneshwa mwili wake, mikono yake, kelele zake. Msimulizi wa nafsi ya kwanza tutakayemzoea baadaye hajajitokeza, na hakuna sauti inayotupa jina la ugonjwa. Mwandishi mwingine angetanguliza wasifu wa kitaalamu: umri, dalili, historia ya familia, dhana ya awali. Axline anatanguliza tendo na kuliacha bila maelezo, kisha anawaleta walimu na makisio yao, ambayo hayapatani. Msomaji anajikuta katika hali ya mshauri anayeingia chumbani kwa mara ya kwanza: ameona mengi na hana haki bado ya kusema ni nini.

Kipindi cha kwanza, kinachofanyika shuleni, ndicho kiini cha kiufundi cha kitabu. Dibs anazunguka chumba akigusa kitu kimoja kimoja na kukitaja kwa sauti ya kuuliza, kama asiye na hakika kwamba dunia itakubaliana naye. Kila anapotaja, Axline anathibitisha kwa maneno machache kwamba ndiyo, ni kitu hicho. Kitu, jibu, kitu, jibu. Mhakiki mwenye haraka ataiona takriri hii kuwa udhaifu, ukurasa usio na mwendo. Kwa kweli mwendo upo, ila uko katika uhusiano. Kila jibu fupi linamwambia mtoto kwamba amesikika, na ufupi wake unamwachia nafasi ya kuendelea. Axline hamuulizi kwa nini anataja vitu. Hamsifu kwa kuvijua. Wala haongezi kitu cha kumi ambacho mtoto hajakifikia. Anayejifunza kazi hii na ausome ukurasa huo kwa sauti, kisha ahesabu maneno ya kila upande.

Takriri hiyo inaandaa wakati mzito. Dibs anafika kwenye nyumba ya wanasesere na kuanza kusema, tena na tena, kwamba hataki milango ya kufungwa kwa kufuli, na sauti yake inakaribia kilio. Axline anamrudishia hisia hiyo kwa kauli moja tulivu: hapendi milango iliyofungwa. Basi. Sura nyingi zitapita kabla hatujajua kwamba nyumbani mtoto huyu hufungiwa chumbani. Kwa kutoifafanua milango mapema, Axline anaiacha ikue yenyewe kuwa ishara kuu ya kitabu. Kujizuia kwa mtabibu na ustadi wa msimulizi vimekuwa kitu kimoja.

Upekee wa fani hii unadhihirika tukiweka kando yake Narrative of a Child Analysis ya Melanie Klein, iliyotoka mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Inasimulia vipindi 93 alivyofanya na mvulana wa miaka kumi, anayeitwa Richard humo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko nako kuna vifaa vya kuchezea, michoro na mtoto mwenye hofu. Ila mpangilio wa aya ni mwingine kabisa. Mtoto anachora nyambizi, Klein anamfafanulia mchoro unasema nini juu ya wazazi wake, mtoto anaitikia au anakataa, na baada ya kipindi yanafuata maelezo ya mwandishi. Ni kazi ya akili kubwa, na uaminifu wake wa kuonesha kila hatua ni wa kuheshimiwa. Lakini humo maana inatolewa na mtu mzima, na sintaksia inamtii yeye. Katika Dibs maana inasubiriwa. Mkufunzi anayetaka wanafunzi wake waelewe tofauti kati ya tiba inayofasiri na tiba inayomfuata mtoto awape kurasa mbili kutoka kila kitabu kabla ya kuwahutubia kuhusu nadharia.

Hata hivyo, kusubiri huko si ububu. Kati ya mistari ya mazungumzo Axline anapenyeza mawazo yake, na kwa njia hii kitabu kinakuwa na sauti mbili: inayosikika chumbani na inayosikika kwa msomaji peke yake. Inapobainika kwamba Dibs, aliyedhaniwa hana akili, anaweza kusoma, mtu yeyote angeshangilia. Axline anatueleza kwa nini hakushangaa mbele yake: mtoto huyu amekwisha kupimwa mno kwa uwezo wake, na shangwe ingemrudisha kwenye mizani ileile. Sauti ya ndani inatoa sababu, sauti ya nje inabaki na maneno machache. Mafunzo ya leo nchini Marekani yanaitafuta hali hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwanafunzi hurekodi kipindi, huandika alichosema mtoto na alichosema yeye, kisha hueleza mbele ya msimamizi alihisi nini na angeweza kujibu vipi vizuri zaidi. Karatasi hiyo ya mafunzo na ukurasa wa Axline vina umbo linalokaribiana: tendo la mtoto, jibu la mtu mzima, na fikra iliyo nyuma ya jibu.

Muundo wa jumla wa kitabu nao umetulia juu ya mipaka. Alhamisi inarudi, saa inaanza, dakika za mwisho zinatangazwa, mtoto anasihi abaki, na muda unapokwisha anaondoka. Mara ya kwanza tangazo la dakika zilizobaki linaonekana ukatili. Likirudiwa sura baada ya sura linageuka kuwa nguzo: Dibs anaanza kuutaja muda mwenyewe, na anajua Alhamisi ijayo itakuja. Kanuni ya nane, ambayo kwenye orodha ya 1947 inasomeka kama tahadhari ya mwishoni, hapa imekuwa mapigo ya kitabu kizima. Uhuru wa mtoto ndani ya chumba unategemea ukingo wake usiotetereka.

Ndani ya ukingo huo ndimo tamthilia inamochezwa. Dibs anamchukua askari wa kuchezea, anamwita baba, anamfukia mchangani. Baadaye, karibu na mwisho wa tiba, anasimulia kwa wanasesere kisa kikali zaidi: wazazi wamefungiwa ndani ya nyumba, moto unawaka, na mtoto aliyewafungia ndiye anayekuja kuwaokoa, huku Dibs mwenyewe akilia. Axline angeweza kutuandikia ukurasa mzima kuhusu hasira na msamaha. Anatuandikia tunachohitaji kuona, na anamwacha mtoto awe mtunzi wa hadithi yake. Nguvu ya tukio la moto inatokana na mfuatano tu: kwanza kufukia, kisha kufukua, kisha kuokoa.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni jinsi fani hiyohiyo inavyotumika kwa mama. Mwanzoni tunamjua kupitia shule, na tunamwona mtu baridi. Anapokuja kuzungumza, msimulizi anampa nafasi ileile aliyompa mwanawe: hamhoji, hamkaripii, hamfariji kwa haraka. Mama anajifikia mwenyewe, na katika maneno yake tunamkuta daktari wa upasuaji aliyeacha kazi aliyoipenda, mwenye mtoto asiyemtarajia na hofu ya kwamba mtoto huyo ni kasoro yake. Msomaji aliyekwisha kumhukumu analazimika kuifuta hukumu yake. Kwa mshauri anayefanya kazi na watoto hili ni somo la lazima, kwa kuwa kumpenda mtoto huzaa upesi chuki dhidi ya mzazi, na chuki hiyo huweza kumfungia mtoto mlango mwingine.

Sasa tuseme kasoro. Kitabu kinafunga kwa kutuambia kwamba Dibs alipimwa akili na kupata alama 168, na kinaongeza barua aliyoiandika akiwa kijana kutetea haki ya mwenzake shuleni. Barua ina uzuri wake. Alama ile ni usaliti wa fani. Kwa sura zote zilizotangulia msimulizi alikataa kumweka mtoto kwenye mizani, akatufundisha nasi kukataa. Mwishoni anatuletea mizani na kutuonesha mshale ulipofika. Maana yake isiyosemwa ni kwamba saa zile za Alhamisi zilistahili kwa sababu ndani ya Dibs kulikuwa na akili isiyo ya kawaida. Vipi kuhusu mtoto ambaye mlango wake ukifunguka, anatoka mtoto wa kawaida? Au ambaye ana ulemavu wa akili kweli? Kanuni ya pili inasema apokewe alivyo, na haikutaja alama.

Kasoro ya pili ni ulaini. Axline wa ndani ya kitabu karibu hakosei. Majibu yake yanafika kwa wakati, na kila ukimya unazaa tunda. Vipindi halisi vina majibu yaliyochelewa, maswali yaliyomponyoka mshauri, na siku nzima ambayo mtoto anapanga magari tu na hakuna kinachofunguka. Mwanafunzi anayejipima kwa Dibs peke yake atakata tamaa mapema. Ndiyo maana kusoma hakutoshi, na ndiyo maana chama cha wataalamu hawa nchini Marekani, Association for Play Therapy, kilichoanzishwa mwaka 1982, hakimsajili mtu kwa kusoma tu: awe kwanza na shahada ya uzamili na leseni ya kazi yake, kisha apate mafunzo maalumu na afanye vipindi chini ya msimamizi. Msimamizi ndiye anayeyaona makosa ambayo kitabu kimeyaficha.

Pamoja na hayo, naiweka Dibs juu ya vitabu vingi vya mbinu, kwa sababu mbinu zake zimo katika uandishi wenyewe. Wakufunzi wa ushauri nasaha, wakiwemo wetu wa Afrika Mashariki ambako mtu mzima hulelewa kuamini kwamba wajibu wake kwa mtoto ni kuuliza na kuonya, waitumie kwa kalamu mkononi. Mwanafunzi afunike majibu ya Axline kwa karatasi, asome alichosema Dibs, aandike jibu lake mwenyewe, kisha afunue na kulinganisha. Ataona kwamba jibu lake ni refu kuliko lililochapishwa, na kwamba lina swali ndani yake. Alifupishe, aondoe swali, asome tena. Akifika kwenye alama 168, aikate kwa kalamu yake, kisha aende kukaa na mtoto aliye mbele yake.