Redio Isiyo na Tundu la Amplifaya: Namna ya Kuijua Kazi Safi

Nikiwa steji ya Pap Onditi, kabla sijapanda matatu ya kwenda Kisumu, humwomba kondakta akate muziki bila kuzima redio, injini ikiwaka. Wengi hunicheka. Lakini kazi ya fundi hukaguliwa muziki ukinyamaza. Dereva akikanyaga mafuta ukasikia mluzi unaopanda na kushuka na injini, ujue altaneta imeingia kwenye spika, na mara nyingi kisa ni graundi iliyofungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichokwanguliwa.

Redio nyingi zinazokuja na gari hazina matundu ya RCA nyuma, kwa hiyo sauti ya kupeleka kwenye amplifaya huchukuliwa kwenye nyaya za spika. Sauti hiyo tayari imekuzwa: wati 16 kwenye spika ya omu 4 ni volti 8, ilhali tundu la RCA la amplifaya huzoea volti moja, mbili hivi. Katikati ndipo huwekwa konvata ya kuipunguza, isipokuwa amplifaya yenyewe ina mahali pa kupokea nyaya za spika. Halafu kuna mtego: kwenye redio za gari za leo, waya hasi wa spika si graundi. Nyaya zote mbili hubeba sauti, na ukiugusisha mmoja kwenye bodi ya gari unaweza kuunguza redio. Fundi wangu wa kwanza alifanya hivyo, kisha akaniambia redio ilikuwa imechoka.

Konvata ipime mkononi. Iliyo nyepesi kama kiberiti kitupu huenda ina vipinga tu. Yenye uzito kidogo huwa na transfoma mbili ndogo zinazotenganisha graundi, na hizo huua mluzi. Ila transfoma ya bei poa hula besi, na hapo hakuna kipimo kama muziki wa benga. Weka Shirati Jazz ya D.O. Misiani, usubiri waimbaji wapishe magitaa. Gitaa la besi lisikike noti kwa noti. Likiwa mvumo mtupu, ama konvata ni dhaifu au gaini ya amplifaya imefunguliwa hadi mwisho. Gaini si ya kuongezea kelele, jamani! Pandisha redio hadi robo tatu, fungua gaini polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha irudishe kidogo.

Waya mnene unaoleta umeme wa betri kwenye amplifaya ukwangue kwa wembe. Ukibaki mwekundu ni shaba; ukitoka mweupe ni alumini iliyopakwa shaba, na huo sharti uwe mnene zaidi. Mwisho fungua boneti utafute fyuzi ya waya huo. Iwe karibu na betri, isipite nusu mita. Ikiwekwa chini ya kiti, waya wote wa kabla yake hauna ulinzi, na ukisuguliwa na bodi unashika moto. Fundi aliyeiweka huko usimlipe, hata kama besi yake inasikika Ahero.