Vina vya Viganja

Wajuzi wa mashairi wamezoea kusema kwamba kina ni mlingano wa sauti mwishoni mwa kipande, na mizani ni hesabu ya silabi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria za utunzi katika kitabu cha mwaka 1954, nazo zalitosha sikio. Lakini zampa nini mtoto kiziwi wa Mgeta, ambaye nyimbo za kubembelezea humpita?

Wengi hujibu kwa kuutwaa wimbo wa wenye kusikia na kuufasiri kwa alama, neno kwa neno. Kazi hiyo ina huruma, bali si ushairi. Maneno yaliyolingana kwa sauti si lazima yalingane mikononi. Vina hufa njiani, na mtoto hupata habari tupu.

Kina cha alama kina makao yake. William Stokoe, katika maandishi ya mwaka 1960 juu ya lugha ya alama ya Marekani, alionyesha kwamba alama huundwa kwa umbo la mkono, mahali na mwendo. Sehemu mojawapo ikirudiwa, hapo pana kina. Tufanye mchezo, pasipo kudai kuwa hizi ni alama za kamusi: kiganja kilichokunjuliwa kiinuke kuwa mlima, kishuke kikitikisika kuwa mvua, kisha kigeuke juu kuwa jani la kabeji. Umbo ni moja, mambo ni matatu. Mkono ukitua kifuani baada ya kila jambo, mizani imepatikana. Tena mkono wa pili waweza kuushikilia mlima wakati mvua inanyesha, jambo lisilowezekana kwa ulimi, ambao ni mmoja tu.

Wala mapigo hayamfikii mtoto kwa sikio peke yake. Mama apandaye mteremko wa Mgeta na mtoto mgongoni humfunza kwa hatua zake. Mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba watoto viziwi waliolelewa kwa alama hubwabwaja kwa mikono, kwa mpango ufananao na wa silabi.

Kwa hiyo tungo hizi si pambo. Mtoto kiziwi wa wazazi wasikiao mara nyingi hukosa lugha katika miaka ileile ambayo wenzake huimbiwa. Shule za viziwi za Tabora, ya mwaka 1963, na Buguruni, ya mwaka 1974, zilijengwa mbali na Uluguru. Na hata shule iliyo karibu humpokea mtoto alipokwisha kupita umri wa kubembelezwa. Wanaotakiwa huku mlimani ni watunzi viziwi, waketi na mama na bibi, wawafunze viganja hivyo mtoto angali anabebwa.