Kukaribia Kwanza, Kufyatua Baadaye

Ndege ya Hurricane ilikuwa na bunduki rashasha nane mabawani, nne kila upande. Mwanzoni Waingereza walizitega ili risasi zikutane yadi 400 mbele. Marubani wa Poland wa Kikosi cha 303, waliopiga kambi Northolt, magharibi mwa London, mwaka 1940, waliona huko ni mbali mno. Wao walisogea hadi nusu ya umbali huo, na mara nyingi karibu zaidi ya hapo.

Hebu fikiria. Ndege ya adui inazidi kujaa machoni, mpiga bunduki wake wa nyuma anakumiminia risasi, kidole chako kiko kwenye kitufe, nawe hufyatui. Risasi zote za Hurricane ziliisha kwa sekunde kama 15. Mwenye pupa alizimwaga hewani. Wengi huwasifu Wapolandi hawa kwa ujasiri. Mimi navutiwa zaidi na kule kujizuia.

Hawakuwa wanagenzi. Mwaka 1939 wengi wao walikuwa wamewakabili Wajerumani kwao Poland kwa PZL P.11, ndege ya magurudumu yasiyokunjwa ambayo baadhi ya ndege za mabomu za adui ziliishinda mbio. Kumfukuza adui hakukuwezekana. Ilibidi kumwona mapema, kumvizia na kumsogelea. Macho hayo walikuja nayo Uingereza. Mikono ndiyo iliyofunzwa upya: kusoma mwendo kwa maili na mwinuko kwa futi, kukumbuka kushusha magurudumu kabla ya kutua, na kuzoea Kiingereza cha redioni.

Tarehe 30 Agosti 1940, wakiwa bado mazoezini, Ludwik Paszkiewicz aliziona ndege za adui, akatoa taarifa, akachomoka kwenye msafara na kuangusha moja. Kesho yake kikosi kiliruhusiwa kupigana. Madai yake ya ushindi yalipanda haraka hata mkuu wa kituo cha Northolt, Stanley Vincent, akayatilia shaka. Akapanda Hurricane, akawafuata angani, akawaona kwa macho yake wakiwaingilia Wajerumani karibu kabisa. Aliporudi hakuwa na shaka tena.

Kikosi kilidai ndege 126. Watafiti wamepunguza hesabu hiyo, kama walivyopunguza za vikosi vingine, lakini 303 kimebaki miongoni mwa vilivyofanya vizuri zaidi katika mapigano ya angani ya mwaka 1940 juu ya Uingereza, ingawa kiliingia vitani yakiwa yameshapamba moto.