Umande, Joto na Halijoto: Lugha ya Somo la Sayansi

Katika mada ya joto, vitabu vya Sayansi vya shule za msingi aghalabu hufuata mkondo mmoja: fasili, vyanzo vya joto, kisha njia tatu ambazo joto husafiri, yaani mpitisho, msafara na mnururisho. Istilahi zenyewe si mbaya. Mpitisho unajieleza wenyewe. Kasoro ninayoiona ni kwamba mtoto hupewa jina la jambo kabla hajaulizwa kwao linaitwaje.

Tumchukue mtoto wa Kudha, katika mwambao wa Wabajuni kusini mwa Kismayo. Lugha yake ni Kibajuni, ambamo t ya meno hugeuka ch, na moto ni mocho. Kiswahili hakikuwa lugha ya shule huko: Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972, kikawa lugha ya elimu. Familia zilizokimbilia Kenya baada ya 1991 nazo zilikuta Sayansi ikifundishwa kwa Kiingereza katika madarasa ya juu ya msingi. Hivyo dai kwamba lahaja kama hii haina maneno ya sayansi halijapata kujaribiwa darasani.

Tuanze na neno umande. Vitabuni ni matone ya alfajiri tu. Kwa mabaharia wa mwambao ni pia upepo utokao bara kuelekea baharini kabla ya jua kupanda. Ndani yake mna somo zima la msafara. Usiku nchi kavu hupoa upesi, bahari haipoi upesi. Hewa iliyo juu ya maji, yenye joto zaidi, hupanda, na ile ya bara huja kushika nafasi yake. Kilo moja ya maji huhitaji takribani jouli 4,200 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mchanga mkavu hutosheka na kama 800. Ndiyo maana adhuhuri mchanga huunguza nyayo ilhali maji yaliyo hatua tatu mbele ni ya kuogea. Mtoto wa pwani analijua hilo kwa miguu yake.

Palipo na ugumu wa kweli ni kutenganisha joto na halijoto. Mtoto mwenye homa tunasema ana joto, na mtangazaji wa hali ya hewa husema joto la nyuzi 32. Wapo wanaotumia jotoridi. Mimi silipendi: kwa kuunganisha joto na baridi, humfanya mtoto adhani baridi nayo ni kitu kinachoingia mwilini, wakati kinachotokea ni joto kutoka. Msumari na ubao wa mashua iliyolala nje usiku kucha vina halijoto moja, lakini msumari husikika baridi zaidi kwa kuwa chuma huondoa joto la kidole upesi. Hapa lugha yetu inatusaidia, kwani tunasema "nasikia baridi", na kusikia si kupima.

Nitaambiwa kwamba mtihani ni mmoja na lahaja ni nyingi. Ni kweli, na sisemi halijoto iondolewe kitabuni. Nasema isiwe ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza ungeweza kuwa swali: kwa nini mvuvi hungoja umande ndipo atweke tanga?